Madereva wa kike wa semi: "hawana nguvu, hawajui rivasi" – kiufundi lipi la kweli?

MkuuWaYadi aliuliza:

Wadau, habari za kazi. Darasa letu jipya la semi (kichwa na tela la ekseli tatu) lina wanawake, na wakufunzi wameshaanza kugawana maneno kabla hata injini haijawashwa. Mmoja anasema hawataweza kufungua nati za tairi. Mwingine anasema rivasi ya tela si ya wanawake. Wa tatu anashauri wapewe magari madogo ya mjini, "kwa usalama wao". Wateja wawili nao wameuliza kama tunaweza kuwahakikishia dereva wa kiume.

Nikijibu kwa hotuba ya haki sawa, watanyamaza mbele yangu na kuendelea nyuma yangu. Ninachoomba kwenu mnaoyajua magari haya ni majibu ya kazi yenyewe. Ni shughuli zipi kwenye lori zinadai nguvu, nguvu kiasi gani, na zinafanywaje ipasavyo? Rivasi ifundishwe na kupimwaje ili upendeleo usiingie? Na kama kuna jambo ambalo kweli ni gumu zaidi kwa mwanamke, lisemeni wazi tulishughulikie.

---

FundiUpepo:

Mkuu, nianze na breki, maana hapo ndipo watu wengi wasiojua lori wanapopotoka. Lori kubwa halisimamishwi na mguu wa dereva. Kanyagio ni valvu: ukilikanyaga, upepo uliohifadhiwa kwenye matangi unakwenda kwenye chemba za magurudumu. Chukua chemba ya kawaida yenye eneo la inchi 30 za mraba. Upepo ukiwa psi 100 (pauni 100 kwa kila inchi ya mraba), fimbo ya chemba hiyo moja inasukumwa kwa pauni 3,000, karibu kilo 1,360. Hakuna mguu wa binadamu, wa kike au wa kiume, unaofika huko. Kazi ya mguu ni kupima kiasi cha upepo.

Kwa hiyo mpime mwanafunzi kwa anavyoushughulikia upepo. Kabla ya kuondoka: magurudumu yazuiwe kwa kabari, upepo ujae mpaka kompresa ikate, injini izimwe, breki ya maegesho iachiwe, kisha aangalie geji kwa dakika moja. Kichwa na tela visipoteze zaidi ya psi 3. Akanyage breki na kushikilia dakika nyingine. Isizidi psi 4. Halafu akanyage na kuachia mfululizo mpaka kengele ya upepo mdogo ilie, kwenye psi 60 au karibu na hapo. Akiendelea, breki za springi, ambazo upepo ndio huziachia, zitajifunga zenyewe kati ya psi 45 na 20. Kengele isipolia au breki zisipojifunga, gari halitoki.

Mteremkoni ni vilevile. Gia inachaguliwa ukiwa bado juu ya mteremko, kabla ya kuanza kushuka, na breki ya injini ndiyo inayobeba kazi. Kama mwendo salama ni kilomita 60 kwa saa, unakanyaga ukifika 60 mpaka ushuke kama 52, unaachia kabisa, unasubiri urudi 60, unakanyaga tena. Anayeshikilia kanyagio mteremko mzima anachemsha ngoma za breki. Zikichemka zinatanuka na kuikimbia bitana inayozisugua, na hapo hata ukikanyaga kwa miguu miwili hupati kitu. Hili linawaangusha wenye nguvu na wasio na nguvu sawasawa.

Usukani na klachi: vyote vina msaada wa haidroliki au upepo. Usukani ukiwa mzito, angalia mafuta yake, mkanda wa pampu, upepo wa matairi ya mbele na grisi ya kingpini za ekseli ya mbele (pini ambazo magurudumu hugeukia). Klachi ikiwa ngumu, kifaa chake cha kusaidia kina hitilafu au kinahitaji kutolewa hewa. Huwa naumia nikisikia dereva wa kike ameripoti usukani mzito akajibiwa kwamba mikono yake ni laini. Ile ni ripoti ya hitilafu, iandikwe kwenye kitabu cha gari kama ripoti nyingine.

Sasa nati. Gurudumu la kawaida la bolti 10 za M22 hukazwa kati ya Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 600 na 700, kutegemea mtengenezaji. Fanya hesabu ya Nm 600. Kwa spana ya nusu mita unahitaji kama kilo 122 kwenye ncha. Kwa spana ya mita moja, kama kilo 61. Kwa mita moja na nusu, kilo 41. Mwanafunzi wa kilo 60 anaweza kabisa, mradi awe na mkono mrefu wa spana, ausukume kwenda chini kwa uzito wa mwili, asivute kwenda juu kwa mgongo. Bora zaidi ni kile kifaa chenye gia ndani: unazungusha hendeli mara nyingi kwa mkono mmoja na nati inageuka kidogo kidogo. Kinakaa kwenye boksi la zana na kinamaliza ubishi wote.

---

MzeeWaEkseli:

Fundi, hesabu zako ni sahihi kwa nati safi iliyokazwa kwa spana ya kupimia. Lakini tuwe wakweli: barabarani unakutana na nati iliyopigwa mashine ya upepo na mtu asiyejali, imekaa mwaka, imeshika kutu. Hiyo haifunguki kwa Nm 600, inaweza kudai mara mbili. Na gurudumu zima la inchi 22.5 lenye rimu ya chuma linakaribia kilo 100. Nani atalinyanyua usiku peke yake? Simzuii mwanamke kuendesha, ila msimdanganye.

---

FundiUpepo:

Mzee wangu, umesema kweli kuhusu nati, na kwa heshima naomba nikuongezee. Nati inayodai Nm 1,200 kufunguka ilikazwa vibaya. Kukaza kupita kiasi kunavuta bolti mpaka inapoteza unyumbufu wake. Leo inaonekana imeshika, kesho inakatika, na jirani zake zinafuata. Gari lenye nati za namna hiyo ni hatari kwa dereva yeyote, na dawa yake iko gereji. Uso wa rimu na uso wa habu (kitovu cha gurudumu) visafishwe kutu, rangi iliyozidi na mchanga. Nati zikazwe kwa mtindo wa nyota, za kukabiliana kwanza. Mkazo wa mwisho utolewe kwa spana ya kupimia. Kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 80 hadi 160, maana rimu hukaa sawa baada ya kutembea. Ukifanya hivyo, nati itakayofunguliwa porini itakuwa ile ya kwenye hesabu yangu.

Kuna na kosa ambalo huwashinda hata wenye misuli: magurudumu fulani ya zamani upande wa kushoto yana nyuzi za kinyume. Bolti yake huwa imegongwa herufi L. Mtu anaingiza bomba refu kwenye spana, anasukuma kwa nguvu zote, kumbe anakaza.

Kuhusu kilo 100: hakuna anayetakiwa kuzinyanyua. Legeza nati kidogo gurudumu likiwa bado chini. Piga jeki chini ya ekseli, juu ya ubao mgumu kama ardhi ni laini, mpaka tairi liachane na ardhi kwa nafasi ndogo tu, upana wa vidole viwili. Watu wengi wanapandisha jeki juu mno, ndipo gurudumu linageuka mzigo wa kubeba. Likiwa karibu na ardhi, unalishusha kwa kulitelezesha, unaliviringisha likiwa wima, na wakati wa kulirudisha unaingiza mtaimbo chini ya tairi, unakandamiza ncha kwa mguu, gurudumu linapanda sentimita chache na kuingia kwenye bolti. Akiwa na mtaimbo wa mita moja na nusu, na egemeo likiwa sentimita 15 kutoka kwenye tairi, kilo 100 zinapanda kwa kilo 11 au 12.

Wafundishwe pia wasichotakiwa kufanya. Rimu za vipande haziguswi nati kabla upepo wote haujatolewa. Tairi lililotembea likiwa na asilimia 80 au pungufu ya upepo wake halijazwi pale pale. Linavuliwa na kukaguliwa ndani, maana nyuzi za ubavuni huenda zimeshaungua na linaweza kupasuka wakati wa kujaza. Wanaojaza wasimame usawa wa uso unaokanyaga barabara, wasikae mbele ya ubavu. Kuna kampuni zinakataza kabisa dereva kubadili tairi la mzigo barabarani, anapiga simu na fundi anatumwa. Kwangu huo ni utaratibu mzuri kwa jinsia zote.

---

TaaYaNyuma:

Naongeza kuhusu kuunganisha na kuachia tela, kwa sababu hapo ndipo utaona mtu anauning'inia ule mkono wa kufungulia mpaka uso unabadilika rangi.

Mkono hautoki kwa sababu moja kubwa: taya za sahani ya kichwa, ile inayobeba pua ya tela, zimebanwa na kingpini ya tela, yaani pini nene iliyo chini ya pua hiyo. Ukivuta kwa nguvu unashindana na tani za mzigo. Funga breki za tela, rudisha kichwa nyuma taratibu kiegemee kingpini, vuta breki ya maegesho ukiwa bado umeegemea. Sasa taya zimelegea. Shuka, weka kabari, teremsha miguu ya tela, chomoa mipira ya upepo na waya wa umeme, kisha vuta mkono. Unatoka kwa mkono mmoja, au kwa ndoano ndefu kama uko mbali. Ukiendelea kugoma, tatizo ni grisi iliyochanganyika na mchanga. Hapo ni kuosha sahani na kupaka grisi mpya.

Miguu ya tela ina gia mbili. Gia ya haraka ni ya kuishusha ikiwa haina mzigo. Ikishagusa ardhi, sukuma au vuta hendeli uingie gia nzito, uzungushe mizunguko michache zaidi ili uzito kidogo utoke kwenye kichwa. Anayejaribu kuinua tela kwa gia ya haraka ndiye anayeumiza bega, na hendeli ikimponyoka inamrudia usoni.

Kuunganisha ni macho zaidi ya misuli. Urefu wa tela uwe kiasi kwamba sahani ya kichwa inaligusa na kulinyanyua kidogo inapoingia chini yake. Tela likiwa juu mno, kingpini inaweza kukaa juu ya taya bila kufungwa. Likiwa chini mno, kichwa kinaligonga pua. Baada ya kuingia, breki za tela zikiwa zimefungwa, vuta mbele polepole kwa gia ndogo kuhakikisha limeshika. Usiishie hapo. Ingia chini na tochi: pasiwe na mwanya kati ya sahani na tela, taya ziwe zimeizunguka shingo ya kingpini, na mkono uwe umerudi mahali pake. Jaribio la kuvuta peke yake linaweza kudanganya.

Mpira mwekundu hupeleka upepo wa kujaza matangi ya tela. Ule mwingine, wa njano au wa bluu kutegemea nchi, hubeba amri ya kanyagio. Ukibadilishana, tela lenye breki za springi litagoma kutembea. Tela la zamani lisilo nazo litatembea vizuri tu, bila breki. Hapo mwanafunzi makini ana thamani kuliko mwenye mabega mapana.

Mikanda ya kufungia mzigo: soma lebo. Mkanda wa milimita 50 huandikwa nguvu ya mkono ya daN 50, yaani kama kilo 50. Racheti imetengenezwa kwa kiasi hicho, na kuiongezea bomba ni marufuku kwa sababu unavuka uwezo wake. Zipo racheti za mkono mrefu zinazovutwa kwenda chini. Unazikaza kwa uzito wa mwili na zinatoa mkazo mkubwa zaidi kwa nguvu ile ile. Pembe nayo ni muhimu: mkanda ulioshuka wima unakandamiza mzigo kwa mkazo wake wote, ulioinama nyuzi 30 kutoka sakafuni unakandamiza kwa nusu tu. Mzigo unatakiwa kuzuiwa usiende mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na pembeni au nyuma kwa asilimia 50. Huwezi kufikia hapo kwa kukaza mpaka mishipa ikutoke. Unafika kwa idadi ya mikanda, mikeka ya mpira na kuegemeza mzigo kwenye ukuta wa mbele.

---

KioKikubwa:

Nimekuwa upande wa mafunzo, kwa hiyo nijibu la kiti na rivasi. Mkuu, kabla hujampima mwanafunzi mfupi, hakikisha ameketi sawa. Wakufunzi wengi hukurupuka hapa, halafu makosa ya kiti wanayaita makosa ya mwanamke.

Kiti cha upepo kwanza kiwekwe uzito wa anayekikalia. Kikiwa kimewekewa mtu wa kilo 110, mtu wa kilo 55 atarushwa juu kila shimo, na mguu utaachana na kanyagio. Halafu kimo: visigino vikae sakafuni na ukingo wa kiti usibane mapaja, la sivyo miguu itakufa ganzi baada ya saa mbili. Halafu mbele na nyuma: klachi ikanyagwe hadi mwisho huku goti likiwa bado limekunjwa kidogo. Mgongo uegemezwe hadi viwiko vikunjike ukishika usukani bila bega kuachana na kiti. Ndipo usukani wenyewe ushushwe au usogezwe. Kwenye gari lenye mfuko wa hewa, kifua kikae angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani. Asiweke mto wa nyumbani mgongoni; kwenye breki kali unateleza na kuacha mkanda umelegea. Kama pedali bado haifikiki, gari hilo halimfai. Yeye abadilishiwe gari, si kazi.

Ukweli mmoja usiopingika: jicho likiwa chini, eneo lisiloonekana mbele ya bampa linakua. Hii inamhusu kila mfupi, mwanamume au mwanamke. Weka koni mbele ya bampa na nyingine chini ya mlango wa abiria, dereva akiwa kitini, kisha rekebisha kioo cha mbele na kile cha juu ya mlango mpaka koni zote mbili zionekane zima. Vioo vinarekebishwa kila dereva anapobadilika, hata kama ni kwa saa moja.

Sasa rivasi. Mkono ushike sehemu ya chini kabisa ya usukani. Mkono ukienda kushoto, nyuma ya tela inakwenda kushoto. Hii inaondoa ule mkanganyiko wa kufikiri kinyume. Anza na mstari ulionyooka, urefu wa tela mara mbili au tatu, mpaka mwanafunzi ajue kwamba tela likianza kuonekana zaidi kwenye kioo kimoja, anageuza sehemu ya juu ya usukani kuelekea kioo hicho, kidogo, na kurudisha mapema. Kosa la kawaida ni kuchelewa, kisha kugeuza kupita kiasi, kisha kusukuma gesi ili "kuwahi". Tela refu hujibu polepole na husamehe. Fupi hujikunja haraka, kwa hiyo msimwanzishe mtu kwenye tela fupi mkidhani ni rahisi. Kisha kuhama njia, mwisho kuingia gatini (mahali pa kupakia na kupakua) kwa nyuzi 90, kwanza upande wa dereva anakoona, halafu upande asioona.

Kusimama, kufunga breki, kushuka na kuangalia kwa miguu si udhaifu. Ndivyo rivasi inavyofanywa. Kwenye yadi fulani mwanamume akishuka anaitwa makini, mwanamke akishuka anaambiwa hajiamini. Matokeo yake mwanafunzi anaacha kushuka ili asichekwe, anagonga, na wote wanasema "si tulisema". Mkuu, hili lizuieni kabisa.

Upimaji uwe wa karatasi: koni zilizoguswa, mara alizosogea mbele kujisahihisha, umbali wa tela kutoka gatini kwa sentimita, dakika alizotumia, na kama aliangalia kabla ya kuanza. Kushuka kuangalia kusikatwe alama. Mkufunzi asiandike "hana kipaji" wala "ana woga", aandike alichokiona. Ikiwezekana, mkufunzi mwingine apime kupitia picha ya video ya kamera iliyowekwa nyuma ya uwanja, ambako kabati ya dereva haionekani.

Na maneno yenyewe yana uzito. Yeung na von Hippel walichapisha utafiti mwaka 2008 waliofanya kwa kifaa cha kuigiza uendeshaji. Wanawake waliokumbushwa mapema dhana kwamba wanaume huendesha vizuri kuliko wao walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kumgonga mtembea kwa miguu aliyejitokeza ghafla, wakilinganishwa na wasiokumbushwa. Mkufunzi anayesema "tuone kama mwanamke ataweza" dakika ya mtihani anaharibu mtihani wake mwenyewe.

---

MkuuWaYadi:

Wadau, ahsanteni sana, nimeshaagiza ukaguzi wa spana na viti. Mzee wa Ekseli, shukrani kwa kuuliza bila kuficha. Bado sijapata jibu la vyoo, kulala barabarani na ujauzito. Na wale wateja niwajibu nini?

---

MpangaSafari:

Mkuu, hapa ndipo ugumu halisi ulipo, na karibu wote uko mikononi mwa mwajiri na wenye maghala.

Choo kwanza. Dereva asiyejua atajisaidia wapi anaacha kunywa maji. Mwili ukikauka, umakini unashuka na kichwa kinauma. Mkojo ukizuiwa mara kwa mara, maambukizi ya njia ya mkojo yanamwandama. Kwa hiyo ratiba ya safari iandikwe vituo vyenye choo kinachofungika, na muda wake uhesabiwe kama muda wa kazi. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinadai mapumziko ya dakika 45 baada ya saa nne na nusu za kuendesha. Marekani ni dakika 30 baada ya saa nane. Ukingoja hizo tu, umechelewa. Weka kituo kila saa mbili au tatu. Kwenye mkataba na mteja ongeza mstari mmoja: dereva anayesubiri kupakia au kupakua ataruhusiwa kutumia choo cha eneo hilo. Hedhi haibadilishi chochote kwenye usukani. Inahitaji choo, maji na pipa lenye mfuniko, basi.

Kulala: egesha mapema kabla maeneo mazuri hayajajaa, penye taa, ukiingia kwa rivasi ili kuondoka kuwe kwa mbele. Mapazia yafungwe kabla ya giza. Dereva atume ujumbe mfupi kwa mpanga safari akifika na akiamka, na awepo mtu wa kupokea usiku. Wengine hupitisha mkanda kwenye mikono ya milango yote miwili kwa ndani. Na asibandike wala asitangaze mahali alipo mtandaoni mpaka aondoke. Wanaume nao wanaibiwa mafuta na kupigwa maegeshoni, kwa hiyo wapeni wote utaratibu huu.

Hatari kubwa zaidi mara nyingi hutoka ndani: mkufunzi mwenye mamlaka ya kumpitisha au kumfelisha mwanafunzi, wakiwa kabati moja usiku kucha. Andikeni kwamba hakuna mwanafunzi atakayelazimishwa kulala kabati moja na mkufunzi, na kwamba malalamiko hayapelekwi kwa anayelalamikiwa wala kwa rafiki yake wa yadi. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unahesabu kuwa ni eneo la kazi hata pale mfanyakazi anapopumzika, anapotumia choo, anapokuwa safarini kikazi na anapolala kwenye malazi ya mwajiri. Unyanyasaji wa getini kwa mteja unaingia humo. Msimuulize dereva wa kike kwa nini alishuka peke yake. Mpigieni simu mteja.

Ujauzito: uendeshaji usikatazwe kwa uvumi. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, na wa juu upite kati ya matiti na pembeni mwa tumbo, kamwe usikatize juu yake. Kufunga mzigo mzito, kupanda juu ya tela na barabara za mashimo ndivyo vya kuondoa mapema, kwa ushauri wa daktari wake. Awe na kazi ya kuhamia, kama kupanga safari au kukagua magari, bila kupoteza nafasi yake ya kurudi kwenye usukani.

Mavazi yanasahaulika. Glavu kubwa kuliko mkono hunaswa kwenye racheti, buti kubwa hunasa kati ya kanyagio mbili. Agizeni saizi ndogo kabla darasa halijaanza.

Kwa wateja, jibu fupi: tunatuma dereva mwenye leseni ya daraja hilo na aliyefuzu tathmini yetu, na karatasi ya tathmini tunaweza kuwaonyesha. Wakikubaliwa kuchagua jinsia, kila safari ndefu yenye malipo bora itaenda kwa wanaume. Baada ya mwaka mtasema wanawake hawana uzoefu wa safari ndefu, na itakuwa kweli kwa sababu mliwanyima. Wale wanaopendekeza "magari madogo ya mjini kwa usalama wao" wanafanya jambo hilo hilo. Isitoshe, mjini ndiko kwenye pikipiki, watembea kwa miguu na kona finyu.

---

Kilomita1929:

Kwa wakufunzi wanaoona hii ni fasheni mpya: Luella Bates alikuwa akijaribu malori ya kampuni ya Four Wheel Drive huko Wisconsin, Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Lillie Drennan wa Texas alipata leseni ya lori la biashara mwaka 1929, baada ya mamlaka kusita kwa sababu ya usikivu wake hafifu, na alimiliki kampuni yake ya malori. Malori ya enzi hizo hayakuwa na usukani wa haidroliki. Urusi ilikuwa na orodha ya kazi zilizokatazwa kwa wanawake, na kuendesha malori kuliondolewa kwenye orodha hiyo kuanzia 2021. Saudi Arabia iliruhusu wanawake kuendesha mwezi Juni 2018, malori yakiwemo. Mahali pengi kilichozuia ni karatasi.

---

MzeeWaEkseli:

Nimesoma yote. La nati nimekubali: kosa liko gereji. Ila Mpanga Safari, hapo kwenye mkanda wa kufunga milango kwa ndani, tahadhari. Kabati ikishika moto au dereva akizimia, waokoaji hawaingii. Akiutumia, uwe unaachia kwa kubonyeza mara moja, na kisu cha kukatia mkanda na nyundo ya kuvunjia kioo viwe pale anapolala, anavipapasa gizani bila kuinuka. Mwanafunzi ajaribu kuutoa akiwa amefunga macho kabla hajalala nao safari ya kwanza.

---

MpangaSafari:

Sahihi, mzee wangu. Mkuu wa Yadi, ongeza zoezi hilo kwenye ratiba, na kizimamoto kiwekwe ndani ya kabati upande wa mlango wa dereva. Vingi vimefungwa nje nyuma ya kichwa, ambako aliyelala hawezi kuvifikia.